"Looking forward to hearing from you": maana yake, tahajia yake na jinsi ya kuiandika bila kukosea

Ukifanya kazi ya kujibu barua pepe za wageni hapa Arusha, kuna sentensi moja ya Kiingereza ambayo mkono wako huiandika hata kabla hujaifikiria: "Looking forward to hearing from you." Iko chini ya bei za safari ya Serengeti, chini ya barua za kuomba kazi zinazoachwa mapokezi hotelini, chini ya ujumbe wa WhatsApp anaotumiwa mgeni atakayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Na mezani kwangu, kwenye kazi ya rizavesheni, mara nyingi hunifikia ikiwa imeandikwa hivi: "Looking foward to hear from you." Maneno sita, makosa mawili.

Wanaoiandika hivyo si watu wasiojua Kiingereza. Wengine wamezungusha wageni porini kwa miaka, wanakutajia ndege wa Tarangire kwa majina ya Kiingereza bila kusitasita. Kosa hili lina chanzo, na chanzo chake kimo ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Ukikiona, hutakuwa na haja ya kukariri, na utajikuta umerekebisha sentensi nyingine ambazo hukujua kwamba zina shida ile ile.

Anza na maana

Neno kwa neno, "look forward" ni kutazama mbele. Lakini msemo huu hauhusu macho, unahusu moyo: kungoja jambo huku ukilifurahia kabla halijafika. Katikati ya Desemba, mabasi ya kwenda Moshi yanapojaa watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi na wazee wao, kile kilicho mioyoni mwao njia nzima ndicho Mwingereza anachokiita "looking forward to". Sisi tungesema wanaingoja Krismasi kwa hamu.

"Hear from" nayo si kusikia kwa masikio. Ni kupata neno kutoka kwa mtu, liwe limekuja kwa barua, kwa simu au kwa ujumbe. Ukiisahau "from" ukaandika "looking forward to hearing you", umemwambia mgeni kwamba una hamu ya kusikia sauti yake, kana kwamba anakuja kuimba.

Kwa kuwa msemo huu una furaha ndani yake, hauendi kila mahali. Mgeni akikuandikia kwamba ameahirisha safari kwa sababu amefiwa, usimalizie nao. Mpe pole, mwambie nafasi yake ipo atakapokuwa tayari, uishie hapo. Vivyo hivyo kwa mgeni anayelalamika kwamba begi lake halikushuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA): anayesubiri jibu ni yeye, na anayedaiwa neno ni wewe. Mwambie utampigia saa ngapi.

Kuna maneno jirani ambayo hutupotosha. "Kutarajia" kwetu ni neno la upole, kwa hiyo wengi hulipeleka moja kwa moja kwenye "expect". Lakini "I expect to hear from you", kwa sikio la Mwingereza, ni kauli ya mkubwa kwa mdogo, au ya mdai kwa mdaiwa wake. "I am waiting for your reply" ina haraka, kama mtu anayegonga mlango wako mara ya tatu. Na "I am expecting" ikiachwa peke yake, bila kutaja unachokitarajia, huwa na maana kwamba anayeandika ni mjamzito. Nimeona barua ya kuomba kazi iliyoishia hivyo, na mwandishi wake alikuwa kijana wa kiume.

Na unapoandika Kiswahili, tafadhali andika Kiswahili. "Natarajia kusikia kutoka kwako" ni Kiingereza kilichovishwa kanga. Tunayo "nasubiri majibu yako", tunayo "tunakungoja kwa hamu", na zote mbili humfikia msomaji bila kupitia London.

Kiini cha kosa: "to" hii si "ku-"

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye mzizi.

Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza lugha ya kufundishia ikageuka ghafla kuwa Kiingereza. Katika yale ya mwanzo tuliyoyashika ili tusizame ni kwamba "to eat" ni kula, "to go" ni kwenda, "to hear" ni kusikia. Ikakaa kichwani kama kanuni: "to" ni "ku-", na baada ya "to" kitenzi hakiongezewi kitu. Kanuni hiyo ni nzuri na inafanya kazi mara nyingi. Haifanyi kazi hapa.

Tazama "ku-" yetu inavyobeba mizigo miwili. Tunasema "nataka kusikia", na hapo kusikia ni kitendo anachotaka mtu kukifanya. Tunasema pia "kusikia kwake kumepungua", na hapo kusikia kumekuwa jina, kuna ngeli yake na kunatawala kitenzi kama jina lingine lolote. Umbo ni lile lile. Kiingereza huigawa mizigo hiyo kwa maumbo mawili: "to hear" kwa kazi ya kwanza, "hearing" kwa ya pili. Mswahili akifika penye sentensi yetu, kichwani ana neno moja tu, kusikia, na mbele yake anaiona "to" imeshakaa tayari. Anaunganisha: "to hear". Ni hesabu sahihi iliyofanywa kwa kanuni ya lugha nyingine.

Sasa hiyo "to" ni ipi? Ni ile ya "I am going to Moshi". Ni ya mwelekeo. Simama Moshi mjini asubuhi, kabla mawingu hayajafunika, utazame kaskazini. Macho yako yanakwenda mbele, yanakwenda, mpaka yanagota kwenye kitu: Kibo, kilele cha Kilimanjaro. "To" ya "look forward to" ndiyo njia hiyo ya macho, na mwisho wa njia lazima kuwe na kitu cha kugota. Kitu chenyewe huwa ni jina: "your reply", "your visit", "Christmas". Ukitaka kuweka kitendo pale, kitendo hicho sharti kwanza kigeuke jina, na katika Kiingereza kitendo hugeuka jina kwa kuvaa "-ing". Ndiyo maana ni "hearing".

Mwongoza watalii mmoja mzoefu aliwahi kuniuliza swali ambalo nalipenda mpaka leo. "Dada, mbona 'we hope to hear from you' mnasema ni sawa, na hii ya 'looking forward to hear' mnaikata? Si 'to' ile ile?"

Nikamwambia, "Kaka, ondoa kitenzi. Weka 'your reply' mahali pake, halafu soma kwa sauti."

Akasoma. "We look forward to your reply." Imekaa. "We hope to your reply." Akanyamaza, akarudia, akatikisa kichwa. Haikukaa.

Hilo ndilo jaribio, na ndilo nakuomba ulitumie kila mara. Baada ya "to", weka jina la kawaida kama "your reply". Sentensi ikisimama, "to" hiyo ni ya mwelekeo, na kwa kawaida kitenzi utakachoweka hapo kitavaa "-ing". Ikianguka, "to" hiyo ni ndugu yake "ku-", na kitenzi kitabaki kitupu: "we hope to hear", "we want to confirm", "we would like to offer".

Ndugu wa msemo huu

Kwenye vipeperushi vya kampuni za utalii kuna sentensi inayorudiwa sana: "We are committed to provide the best service." Ipitishe kwenye jaribio. "We are committed to your safety" inasimama vizuri, kwa hiyo inatakiwa kuwa "committed to providing". "In addition to" ni hivyo hivyo: "in addition to guiding, I cook". Na "object to": "he objected to paying twice".

Lakini anayestahili muda wako zaidi ni "used to", hasa kama wewe ni dereva na unaandika wasifu wako wa kuombea kazi. "I am used to driving on muddy roads" maana yake umezoea kuendesha kwenye tope. Masika ya Aprili hayakutishi. "I used to drive on muddy roads" maana yake zamani ulikuwa ukiendesha kwenye tope, na sasa huendeshi tena. Mwajiri anayetafuta dereva wa kwenda Ndutu akisoma sentensi ya pili atakuweka pembeni, na wewe hutajua kwa nini. Kinachozitenga sentensi hizo ni "am" na "-ing" tu. Andika kwa uangalifu.

Tahajia, neno kwa neno

"Looking" halina tabu: "o" mbili, "k" moja.

"Forward" ndilo linaloumiza watu. Lina "r" mbili, moja kabla ya "w" na moja kabla ya "d": f-o-r-w-a-r-d. Ya kwanza hudondoka kwa sababu ambayo tunaishi nayo kila siku. Matamshi ya Kiingereza yaliyotufikia ni ya Uingereza, na katika matamshi hayo "r" iliyotangulia konsonanti haisikiki. Kiswahili kikaliazima neno kama lilivyosikika: mchezaji wa mbele ni fowadi, na mtu akitaka umpelekee ujumbe anakuambia "nifowadie". Sikio limeshazoea fowadi, mkono unaandika "foward".

Kuna kalenda za ukutani za ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi zilizokuwa na kosa hilo hilo. Nakumbuka karatasi ya majaribio ilivyokuwa mezani kwenye duka la uchapaji, karibu na Barabara ya Sokoine: picha ya Mlima Meru juu, chini yake herufi za kijani zenye urefu wa kidole gumba. Tuliitazama watu watatu. Tulikagua namba za simu, tulikagua sikukuu za Idi, tulibishana kuhusu rangi. Neno lenyewe kubwa kuliko yote hakuna aliyelisoma, kwa sababu kila mmoja alilitamka moyoni, na kwa kutamka lilikuwa sahihi kabisa. Maboksi yalipofika ofisini ndipo mgeni aliyekuja kulipia safari akaonyesha kwa kidole, kwa adabu sana. Kalenda zilikuwa zimeshachapishwa zote.

Tangu siku hiyo silisomi neno hilo, nalihesabu. Naligawa mara mbili: "for", kisha "ward". Sehemu ya pili ni ile inayoonyesha upande, utaikuta kwenye "backward" ya kurudi nyuma, "upward" ya kwenda juu na "inward" ya kuingia ndani. Ukiishika "-ward" kama kiungo cha mwelekeo, "for" inabaki imesimama peke yake na "r" yake mkononi.

Usilichanganye na "foreword", ambalo ni dibaji ya kitabu. Ndani yake mna "word", yaani neno, kwa sababu dibaji ni neno linalotangulia. Na usiongeze "s" ukaandika "looking forwards to". Mtu anaweza kusogea "forwards", lakini katika msemo huu "s" haitakiwi.

"To" ni "o" moja. "Too" ni "pia" au "mno".

"Hearing" linatokana na "hear", na ndani ya "hear" kuna "ear", sikio. Hili Mswahili analishika upesi, kwa sababu hata kwetu sikio na kusikia vimetoka shina moja. Anayeandika "here" ameandika "hapa". Na katika "hearing" herufi "a" isidondoke: "hering" ni samaki aliyekosewa tahajia.

"From" huharibiwa na vidole zaidi kuliko akili. Ukiandika haraka hugeuka "form", na mgeni anasoma kwamba unangoja fomu.

Sasa angalia jambo hili kwenye kompyuta. Mstari mwekundu wa kukagua tahajia utatokea chini ya "foward" na chini ya "hering". Chini ya "form", "here" na "too" mara nyingi hautatokea, maana kila moja ni neno halali la Kiingereza. "To hear" nayo inaweza kupita bila kuguswa. Usiutegemee mstari huo kama hakimu wa mwisho.

Kuvisha "-ing" bila kuharibu kitenzi

Ukishajua "-ing" inahitajika, linabaki swali la herufi. Vitenzi vingi huivaa bila kubadilika: "meeting", "visiting", "climbing". Kitenzi kinachoishia kwa "e" isiyotamkwa huivua kwanza: "welcome" huwa "welcoming", "receive" huwa "receiving", "arrange" huwa "arranging". Hapo kwenye "welcoming" nisisitize: "l" ni moja. Tumezoea kuona "wellcome" kwenye vibao vya barabarani mpaka macho yamekubali. Na kwenye "receiving", "e" hutangulia "i".

"See" na "be" hazivui kitu, huwa "seeing" na "being". Vitenzi vifupi vyenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huirudia konsonanti hiyo: "plan" huwa "planning", "get" huwa "getting". "Hear" ina irabu mbili, kwa hiyo "r" hairudiwi. "Travelling" yenye "l" mbili ni ya Uingereza, "traveling" yenye moja ni ya Marekani. Chagua moja na ukae nayo barua nzima.

Umbo lipi kwa nani

"I look forward to hearing from you" ndilo rasmi zaidi. Litumie kwenye barua ya kazi, kwa ubalozi, kwa wakala wa nje mnayeanza naye biashara. "I am looking forward to hearing from you" lina joto zaidi, lafaa kwa mgeni mliyekwisha kuandikiana mara mbili tatu. "Looking forward to hearing from you", bila "I" wala "we", ni la mazoea. Kwenye WhatsApp halina shida, lakini kwenye barua ya kuomba kazi naliona pungufu, kama mtu aliyeingia ofisini bila kubisha hodi. Ukiandika kwa niaba ya kampuni, sema "we".

Ukitumia sentensi kamili, iwekee nukta, kisha shuka mstari uandike salamu ya mwisho. Kwa utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza, barua iliyoanza na "Dear Sir or Madam" huishia "Yours faithfully", na iliyoanza na jina la mtu huishia "Yours sincerely". Katika "sincerely" kuna "e" mbili, na "Yours" haina alama ya apostrofi kabla ya "s".

Ushauri wangu mwingine ni kwamba "hearing from you" si lazima iwe kila mahali. Mgeni aliyekwisha kulipa hana la kukujibu. Mwandikie kile mnachokingoja kweli: "We look forward to welcoming you to Arusha." Uliyemwomba namba ya ndege, mwandikie: "We look forward to receiving your flight details." Atakayelakiwa na wewe mwenyewe: "I look forward to meeting you at the airport." Anayepanda mlima: "Our team is looking forward to climbing with you." Zote zipitishe kwenye jaribio la jina, uone zinavyosimama.

Na msemo huu, hata ukiandikwa bila doa, haumwambii mgeni afanye nini. Kama unahitaji tarehe, iombe waziwazi katika sentensi iliyotangulia: "Please let us know your travel dates by 15 March." Kisha ndipo useme unangoja neno lake. Mgeni anayesoma barua yako California yuko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kulingana na majira. Ukimwacha akibahatisha unachotaka, siku nzima imepotea kabla hamjaelewana.

Ondoa kosa lilikojificha

Kujua sahihi hakutoshi kama kosa limehifadhiwa mahali linakojiandika lenyewe. Fungua mipangilio ya barua pepe yako, nenda kwenye sahihi inayojiweka chini ya kila barua, uisome herufi kwa herufi. Fungua yale majibu ya haraka uliyoyahifadhi kwenye WhatsApp ya biashara. Fungua faili la ratiba ya safari ambalo ofisi nzima hunakili, lile la siku 6 na lile la siku 7 la Machame, kwa sababu mara nyingi yalinakiliwa kutoka faili moja la zamani na yana kosa moja la zamani.

Simu nayo hujifunza makosa yako. Ukiandika "fow" na kibodi ikakupendekezea "foward", kwenye simu nyingi za Android unaweza kulibonyeza pendekezo hilo kwa muda bila kuachia, kisha ukalifuta. Andika "forward" mara kadhaa ili ilizoee.

Ukimaliza, jitumie barua pepe moja ya majaribio. Isome kwenye simu, kwa sauti, ukianzia mstari wa chini.